Unga wa Mize

Kabla sijasema nililolitenda, niulize swali ambalo limenikaa kifuani kama jiwe la kusagia: hadithi ikishatoka kinywani mwa mwenyewe, huwa ya nani? Ya yule iliyempata, au ya yule aliyeisikia, au ya yule wa mwisho kuisimulia, ambaye hakumjua hata mmoja wao? Nimejiuliza hivyo nikiwa nanyoa ndevu, nikiwa nafunga kamba za viatu, nikiwa katikati ya mazungumzo na watu wanaodhani ninawasikiliza. Sijapata jibu. Nilichopata ni mazoea ya kuuliza, na mazoea hayo ndiyo adhabu yangu.

Mji ninaousema hauna jina, au ulikuwa nalo likachakaa kwa kutamkwa. Kule hatukuhesabu miaka kwa tarakimu. Tulisema mwaka wa sabuni ya mjane, mwaka wa kiberiti cha ndugu wawili, maana kila bidhaa ilikuja na hadithi yake, na hadithi ikishaushika mji, watu waliishi ndani yake mpaka ije nyingine. Mtu wa kule hakununua kitu kisicho na hadithi. Ungeweza kumwekea chumvi mezani, akaionja, akakiri kwamba ni chumvi, kisha akakuuliza kwa adabu, "Na ilikuwaje?" Ukikosa la kumjibu, aliinuka akaenda zake kula chakula chapwa.

Kazi yangu ilikuwa kumjibu mtu huyo. Naitwa Shaibu. Nilikuwa mtunzi katika kiwanda cha Bwana Ngwali, na nilikuwa hodari. Siyasemi haya kwa majivuno. Nayasema kama mtu anayeonyesha kisu na kutaja kilivyokuwa kikali, ili ukubwa wa jeraha usimshangaze mtu.

Nilipanga chumba kwa mwanamke aitwaye Bi Sikudhani, msusi wa makawa ya kufunikia vyakula. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya zambarau na ya kijani isiyotoka, kwa kuchovya rangini ukili wa kusukia. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilikaa kwake muda mrefu nikijua tu kwamba anaishi peke yake na kwamba kila Ijumaa hutoka na kopo la maji na kishada cha mrehani akaelekea makaburini. Sikumwuliza anakwenda kwa nani.

Kisha nikashikwa na homa. Siku ya nne nilikuwa nimelala nimeukabili ukuta, sitaki kitu, nasikia mwili wangu kama nguo ya mtu mwingine niliyoazimwa. Bi Sikudhani aliingia na bakuli la uji.

"Kunywa, mwanangu."

"Sina hamu, mama."

"Najua huna. Hamu haiji yenyewe, huitwa." Akakaa ukingoni mwa kitanda, bakuli mapajani. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilikuwa na mtoto. Mize. Alikuwa na miaka minane. Homa ilimshika siku ya soko, ikamkalia siku kumi na moja. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Siku ya kumi na moja, asubuhi, nilimpikia uji. Nilikuwa sijalala tangu juzi yake. Nikampa, akageuza uso. Nikampa tena, akageuza. Nikakasirika, Shaibu. Nilimwambia, basi kaa na njaa yako, mimi nimechoka na wewe. Nikalipiga bakuli chini. Uji ukaruka, ukanirukia mwenyewe usoni, hapa kwenye nyusi na hapa kidevuni. Mize akanitazama. Akacheka. Kicheko kidogo, kama mtu anayepiga chafya. Akasema, 'Mama, una ndevu.' Nikacheka na mimi, hasira yote ikaniishia. Nikaenda kunawa. Nilipokuwa nanawa, akafa."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Tulimsikiliza.

"Matangani nilisema alikwenda kwa amani," akasema. "Hili la kumfokea na hili la ndevu sijamwambia mtu. Ni wewe tu."

Nikageuka, nikapokea bakuli, nikanywa uji wote.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anitazame vizuri. Machozi yalikuwa yakinitoka, na yalikuwa machozi ya kweli. Lakini ndani yangu kulikuwa na mtu wa pili, mkavu, aliyekaa kitako akipima. Hapa alinyamaza. Hapa alishusha sauti. Hapa ndipo mgonjwa alipofungua mdomo. Mtu yule mkavu hakuwa na ubaya. Hakumchukia Bi Sikudhani, wala hakufikiria kumdhuru. Alistaajabu tu, kama mtoto anayeona moto kwa mara ya kwanza, kwamba maneno ya mwanamke mmoja kwenye ukingo wa kitanda yameweza kufanya jambo ambalo njaa ya siku nne haikuliweza. Na aliyeona moto kwa mara ya kwanza hakai sana bila kuanza kufikiria kitu cha kuchoma.

Nilipopona nilirudi kazini. Bwana Ngwali alikuwa na unga wa mtama na ulezi, mzuri tu, uliokuwa umelala ghalani kwa kukosa hadithi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye watoto watatu aliowapenda mno, na ofisini kwake kulikuwa na kiti kimoja tu cha mgeni, kifupi, ili anayesimulia awe chini na anayesikiliza awe juu. Nikakaa kwenye kiti kile, nikamsimulia habari ya Mize. Nilinyamaza pale alipokuwa amenyamaza mama yake. Nilishusha sauti pale pale. Nilipomaliza, Bwana Ngwali alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya tai.

"Mtu hanunui unga, Shaibu," akasema. "Hununua mama."

"Ndiyo, bwana."

"Lakini mtoto hawezi kufa kwenye pakiti."

"Alikufa, bwana."

"Kwake alikufa. Kwetu si lazima."

Ningependa kusema kwamba alinilazimisha. Hakunilazimisha. Alinisogezea kalamu tu, na mimi nikaichukua. Hasira ya mama niliitoa kwanza. Kifo nilikitoa baadaye, na kilitoka kwa urahisi kuliko hasira. Mahali pake nikaweka vijiko vitatu: cha kwanza mtoto akageuza uso, cha pili akafumbua macho, cha tatu akacheka akaomba kingine. Nilipousoma ukurasa ule kwa sauti, niliona ni mzuri. Hata leo, nikiukumbuka, naona aibu kwamba bado nauona mzuri.

Jioni ile nilimkuta Bi Sikudhani ameketi barazani akisuka.

"Mama, kiwandani wanataka kuuita unga kwa jina la Mize."

Vidole vikasimama. "Litaandikwa?"

"Kwa herufi kubwa."

"Na nani atalitamka?"

"Kila mtu. Kila atakayeingia dukani."

Akarudia kusuka, nikadhani amekataa. "Tangu afe, jina hilo nalitamka mimi peke yangu," akasema, "tena chumbani, mlango umefungwa. Basi lichukueni. Litembee kidogo."

Hakuniuliza hadithi itakuwaje. Alidhani ameshaniambia ilivyo.

Sijui ilichukua mwezi au miaka kumi. Najua kwamba unga uliingia mjini kama maji yanavyoingia kwenye mchanga. Mabango yalimwonyesha Mize wa miaka minane akiwa na kijiko mkononi. Katika toleo lililofuata alikuwa na kumi na miwili. Kisha alikuwa msichana wa sekondari, kisha mwanamke mwenye miwani, mwalimu katika nchi ya mbali, anayesema kila alicho nacho kilianza na vijiko vitatu. Alikua mbele ya macho yetu upesi kuliko mtoto wa kweli, na hakuna aliyeshangaa. Akina mama walimsimulia kwa majirani, na kila msimuliaji aliongeza kitu kidogo cha kwake, jino lililong'oka, wimbo wa kubembelezea, paka. Mimi mwenyewe, niliyeisimulia kwenye mikutano zaidi ya wote, nilianza kukumbuka uzito wa kile kichwa kidogo juu ya mkono wangu. Nilijua sikuwahi kumshika. Mkono ulikataa kujua.

Na watu wakaanza kumsalimia Bi Sikudhani njiani.

"Mize hajambo, mama?"

Mwanzoni alijibu, "Mize alifariki." Walicheka kwa upole, kama wanavyocheka watu mtu mzima anapoficha furaha yake kwa kuogopa kijicho. Baadaye akawa anajibu kwa kutikisa kichwa tu. Kisha asubuhi moja, nikiwa dirishani kwangu na mswaki mdomoni, nilimsikia akimwambia muuza mboga, "Hajambo." Neno moja. Nilipaswa kutema dawa ya meno, nitoke, nimshike mkono, nimwambie, mama, usiseme hivyo. Nilisukutua. Nikavaa shati. Nikaenda kazini.

Ijumaa iliyofuata hakutoka na kopo. Wala ile iliyofuata. Nikaenda mwenyewe makaburini. Niliwahi kumwona kwa mbali pale anapoinamia, baina ya makaburi mawili yenye mawe meupe. Nikayakuta mawe yale mawili. Yalikuwa yamekaribiana, bega kwa bega, kama watu wanaopishana mlangoni. Baina yake hapakuwa na nafasi ya kulala hata mtoto. Nikapima kwa shibiri, nikapima tena. Kisha nikajipangusa magoti, nikarudi, na sikumwambia mtu.

Mtu anaweza kuuliza: ulifikiri nini? Nilifikiri hivi. Nilifikiri, amepata faraja. Nilifikiri, nani anaumia? Nilifikiri, wangapi wamefiwa na watoto wakarudishiwa wakiwa wazima, wasomi, wenye miwani? Nilifikiri, nitamwambia kesho. Nilifikiri mambo mengi mazuri, na yote yaliponiishia nilimkuta chini yake yule mtu mkavu, amekaa, anapima.

Kisha Bwana Ngwali akataka barua. Kila pakiti iwe na barua ndani, kutoka kwa Mize kwenda kwa mama yake. Nikaiandika. Siku moja Bi Sikudhani aligonga mlango wangu, karatasi mkononi, unga ungali umeishika pembeni. Hakujua kusoma.

"Imetoka kwa mwanangu," akasema. "Nisomee."

Nikamsomea maneno yangu mwenyewe. Mama yangu kipenzi, nilipo kuna baridi lakini nikikukumbuka napata joto. Alisikiliza amefumba macho, midomo ikifuatisha. Nilipomaliza, aliuliza, "Hakusema atakuja lini?"

Nilitazama karatasi ambayo niliijua kila nukta yake. "Anasema," nikajibu, "baada ya mvua."

Hayo hayakuwemo. Barua nilitumwa kuiandika, na vijiko vitatu nilisogezewa kalamu, lakini hili hakuna aliyenituma. Lilitoka lenyewe, kwa sababu aliniuliza na mimi ni mtu asiyekosa jibu. Na kwa sababu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, uso wake ulikuwa umefunguka, na nikataka uendelee kufunguka. Wema wangu ndio ulionitisha kuliko tamaa yangu. Tamaa ina mahali pa kuishia.

Alifua mapazia. Alitoa kitanda kidogo, akakitazama, akaona hakitamtosha mwanamke wa miwani, akaazima kikubwa kwa jirani. Mvua zikaja, zikanyesha, zikakatika. Akawa anaketi mlangoni tangu asubuhi, ukili mapajani bila kuusuka, akitazama njia.

Aliyekuja kwa njia ile hakuwa Mize. Alikuwa mwanamume wa makamo, fundi magodoro, nyuzi za sufi zimemganda nyweleni. Mimi nilikuwa ukumbini, mkoba begani, natoka kazini kwenda kwangu kubadili nguo. Nilimsikia akipiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Naitwa Kitwana. Natoka ng'ambo ya mto. Wewe ndiye mama yake Mize?"

"Ndiye mimi."

"Hajambo lakini?"

"Hajambo. Namngoja. Mvua zimeshakwisha."

"Mungu amfikishe salama." Aliingia, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Mkononi alikuwa na pakiti tupu iliyokunjwa mara nne, na alikuwa akiipapasa mikunjo. "Mimi nilikuwa na binti. Tunu. Miaka mitano. Nimekuja uniambie nilikosea wapi."

Bi Sikudhani akauweka ukili kando.

"Nilimpa kijiko cha kwanza, akageuza uso, kama ilivyoandikwa. Nikafurahi, nikasema ndiyo njia yenyewe. Cha pili hakufumbua macho. Nikasema labda uji umepoa, nikaupasha. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameniambia nimpeleke hospitali siku ile ile. Nikamwambia, kwanza vijiko vitatu vitimie, huyu atainuka. Nilimpa siku mbili, mama. Cha tatu kilibaki mdomoni." Akaikunjua pakiti, akailaza gotini, akainyoosha kwa kiganja. "Sikuja kumlaumu mtu. Nataka kujua tu. Moto ulikuwa mkali au wa taratibu? Ulitia unga kwanza au maji? Na kichwa, ulimshika kwa mkono upi? Maana mimi nilimshika kwa kushoto, na nimekuwa nikiwaza."

Mlango wa uani ulikuwa wazi, hatua nne kutoka niliposimama. Nilizihesabu. Nakiri kwamba nilizihesabu.

Bi Sikudhani akaanza kwa sauti ile iliyozoeleka, sauti ya bango. "Kijiko cha kwanza akageuza uso. Cha pili..." Akasita. Alikuwa ameinua mikono yake yote miwili mbele yake, ya zambarau na kijani, akiitazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeambiwa achague. "Mkono upi," akasema. "Shaibu. Njoo hapa."

Nikaja.

"Siku ile ulipougua nilikusimulia. Nilisema nilimshika kwa mkono upi?"

Kulikuwa na majibu mawili, kulia na kushoto. Kila moja lingemtosha. Kitwana alikuwa ameinua uso, anangoja, na ningesema kulia, naye angerudi kwao ng'ambo ya mto akijua kwamba mwanawe alikufa kwa sababu ya mkono wa kushoto. Nililiona hilo waziwazi. Nililiona lilivyo jepesi.

"Hukumshika, mama," nikasema.

"Nilifanyaje?"

"Ulimpikia uji asubuhi. Ulikuwa umechoka. Ukampa kwa upole, akageuza uso. Basi ukalia..."

"Sikulia."

Haikuwa sauti ya bango. Nilishtuka, kwa sababu sikuwa nimekusudia kusema uongo. Nilitaka kusema ilivyokuwa, na ulimi ukanipambia maneno wenyewe, kama mguu wa mlevi unavyoijua njia ya kilabuni.

"Endelea," akasema.

"Bakuli likakuponyoka..."

"Halikuniponyoka." Alisimama. "Nililipiga. Nililipiga chini hivi. Nilimwambia nimechoka na yeye." Mkono wake ukapanda wenyewe, ukagusa nyusi, ukashuka kidevuni, ukakaa hapo. "Uji ulinirukia hapa. Akasema nina ndevu."

Kitwana alikuwa akimtazama yeye, kisha mimi, kisha yeye.

"Akacheka," akasema Bi Sikudhani. "Nikaenda kunawa." Alinyamaza muda mrefu, na mimi niliyezoea kupima ukimya wa watu sikuweza kuupima ule. "Shaibu, mwanangu alikufa."

"Ndiyo, mama."

"Alikufa siku nyingi."

"Siku nyingi, mama."

"Na ile barua?"

"Niliiandika mimi."

"Na baada ya mvua?"

"Hilo sikuliandika. Nililisema tu."

Nilingoja anipige, au anilaani, au alie. Nilikuwa tayari kwa lolote katika hayo, maana kila moja lingenipunguzia. Alinitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mpangaji. "Ukanifanya nimngoje," akasema.

"Kwa hiyo hakuna vijiko vitatu," akasema Kitwana, taratibu.

"Hakuna, baba."

"Ningempeleka hospitali."

Mwenye wajibu wa kumjibu pale ukumbini nilikuwa mimi, na nilitafuta neno. Nimetafutia maneno chumvi, sabuni, viberiti, mafuta ya taa. Nilitafuta nikakuta mdomo mkavu na ulimi ndani yake.

"Ni mimi niliyeviandika," nikasema mwishowe. "Vijiko. Hukukosea mkono. Hukukosea kitu isipokuwa kuniamini."

Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. "Siku ya pili nilimfokea," akamwambia Bi Sikudhani, kana kwamba mimi sikusema. "Nilimwambia, fungua mdomo, unanisumbua. Mke wangu hajui. Alikuwa kisimani."

Bi Sikudhani alivuta mkeka, akautandika karibu na kiti chake, akakaa chini. "Shuka hapa, baba," akasema. "Kiti hicho hakifai. Niambie Tunu alikuwaje. Alikuwa akipenda nini?"

Kitwana alishuka. Alikaa akikunja miguu kwa shida, kama mtu aliyesafiri mbali. Uso wake ulianza kubadilika, na nikajua, kwa ujuzi wangu wote, kwamba kinachofuata ndicho chenyewe. Sikuwahi kusikia kitu kama kile kilichokuwa kikija. Nikavuta hatua moja mbele bila kujua.

"Wewe toka," akasema Bi Sikudhani.

"Mama..."

"Toka, Shaibu. Wewe ukisikia kitu, hakibaki."

Nikatoka, nikaurudisha mlango. Ulikuwa mlango mwembamba. Nikasikia Kitwana akikohoa, akisafisha koo. Nikasikia, "Alikuwa na..."

Nikaondoka. Sikuondoka kwa ushujaa. Kila hatua ilikuwa kama kung'oa unywele kwa mzizi. Yule mtu mkavu alinivuta shati, akaniambia, chini ya dirisha kuna kivuli, simama pale, si kwa kuuza, kwa kujua tu, huwezi hata kujua? Nilipita kivuli kile. Nilipita kwa muuza mboga, nikapita msikitini, nikafika kwenye mashine ya kusaga nafaka, mahali ambapo mtu hasikii hata jina lake, nikasimama pale katikati ya vumbi la unga. Nilisimama nikiwatazama wanawake wakifungua midomo na kuifunga, wakicheka, wakielezana mambo kwa mikono, na sikuambulia hata neno. Nilifikiria kwamba ndivyo watu walivyoishi tangu zamani, wakipeana vitu hivi mkono kwa mkono, mmoja kwa mmoja, vikiishia palepale walipo, na ulimwengu haukupungukiwa na chochote. Jua liliponigeukia usoni nikaenda kiwandani.

Bwana Ngwali alikuwa bado yupo. Nilikataa kukaa kwenye kiti kifupi. Nilimwambia nikiwa nimesimama: kuna mtoto anaitwa Tunu, miaka mitano, alikuwa apelekwe hospitali, akangojeshwa vijiko vyangu. Nilimwambia na habari ya Bi Sikudhani, na kitanda alichoazima. Aliweka uso mikononi. Alikaa hivyo kwa muda, na mabega yake yalitikisika, na sina sababu ya kusema alikuwa akiigiza.

"Tutaviondoa vijiko," akasema ndani ya viganja. "Na jina. Na mabango yote. Kesho asubuhi." Na kweli, asubuhi yake viliondolewa. Hilo lazima nimtendee haki.

Kisha akashusha mikono. Macho yake yalikuwa mekundu, na nyuma ya wekundu ule nikaona kitu kikiinuka taratibu, kikikaa kitako. Nilikijua. Nilikuwa nacho.

"Kwa hiyo wamekaa pale sasa," akasema. "Yule mama na yule baba."

"Ndiyo, bwana."

"Hawajuani. Wamefiwa wote wawili. Wanaambiana ukweli."

"Ndiyo."

"Ukweli, Shaibu. Kote mjini hakuna aliyewahi kuuleta ukweli sokoni." Akavuta karatasi nyeupe. Hakuwa akitabasamu. Alikuwa na heshima kama ya mtu aliye kwenye mazishi. "Walisemaje?"

"Sijui."

"Ulikuwa mlangoni."

"Niliondoka."

"Maneno machache tu, ili tujue pa kuanzia. Huyo mtoto alikuwaje?"

"Sikusikiliza, bwana."

Alinitazama akingoja, kama walivyongoja watu wote wa mji ule, kwa subira, akijua kwamba nitapata kitu, maana siku zote nilipata. Na nilikuwa nacho. "Alikuwa na." Maneno mawili yalinitosha. Alikuwa na mwanya. Alikuwa na mdoli wa sufi aliotengenezewa na baba yake. Alikuwa na tabia ya kulala amemshika mtu sikio. Yalikuja yote yamejipanga, mazuri, moja baada ya jingine, yakasimama nyuma ya meno yangu. Nikafunga mdomo. Bwana Ngwali akaendelea kuning'ang'ania kwa macho, nami nikaendelea kuufunga, mpaka taya zikaanza kuniuma, mpaka akaweka kalamu chini.